Kivuna mtetemo kwenye mashine ya kusaga: miezi 5 ya kukitumia Makambako

"Fundi, hiki kinachaji simu?"

Ndilo swali la kila anayeinama kuangalia kiboksi nilichokifunga ubavuni mwa mashine yetu ya kusaga. Dada anayepokea magunia aliuliza. Vijana wa kubeba mizigo waliuliza. Mama mwenye mashine aliuliza kabla hata sijamaliza kumwamkia. Jibu ni hapana, na nalitanguliza ili mwenye haja hiyo asitoe hela yake bure. Kifaa kinavuna umeme kutoka kwenye mtetemo wa mashine, ni kweli kabisa, nimeupima mwenyewe. Ila kinachopatikana ni mikrowati 65, na mikrowati ni wati moja iliyogawanywa mara milioni. Kwa kiasi hicho, betri ya simu ya mAh 5,000 ingehitaji miaka 34 hivi ya kusaga usiku na mchana ndipo ijae.

Pamoja na hayo, huu ni mwezi wa 5 tangu nikifunge na siko tayari kukitoa. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia wapi kimenitia hasara.

Mimi ni fundi umeme. Nahudumia mashine 3 za kusaga na kukoboa, mbili hapa mjini Makambako na moja kijijini ambako inaendeshwa kwa dizeli. Msimu uliopita, mwezi wa 7, mahindi yakiwa yamejaa hadi barazani, beringi ya upande wa puli ilikwama katikati ya kazi. Ilikuwa imekauka grisi na hakuna aliyejua. Shafti ilichubuka, mkanda ukaungua, tukakaa siku 5 bila kusaga. Kina mama walikuja na madebe yao vichwani, wakaelekezwa mashine ya jirani, na wengine hawakurudi tena. Mama mwenye mashine hakunilaumu. Alikaa tu kwenye kigoda chake karibu na mizani akiangalia mlango. Ningependa angenigombeza.

Ndiyo maana nilianza kutafuta kitu cha kunipa habari za beringi nikiwa mbali. Vipima joto visivyo na waya vipo vingi, lakini karibu vyote vinatumia betri. Nilipokutana na hiki kinachojilisha kwa mtetemo, nilikumbuka ile mashine inavyotikisa sakafu mpaka chai inacheza kwenye kikombe, nikaona chakula chake tunacho. Nilikiagiza kwenye duka la mtandaoni, nikalipa na usafirishaji, na kilipofika Dar kikaja kwa basi. Mpaka kinatua mkononi kilikuwa kimekula shilingi 118,000. Duka silitaji jina, maana nina malalamiko nalo ambayo nitayafikia.

Ndani kulikuwa na vipande 2 vya piezo, maada inayotoa umeme ikikunjwa, kila kimoja chembamba kama kadi ya benki na urefu wa kidole cha shahada. Kulikuwa na kishikizo cha alumini chenye bolti 2, vizito vidogo vya shaba vya kubandika kwenye ncha, na bodi ya saketi yenye chipu ya LTC3588-1. Hiyo chipu ni ya Linear Technology, ambayo siku hizi iko chini ya Analog Devices, na ndiyo moyo wa bodi. Inapokea umeme unaokwenda na kurudi kutoka kwenye piezo, inaunyoosha, inaulimbikiza kwenye kapasita, halafu inautoa kwa volti moja iliyotulia. Mimi nimeiweka itoe 3.3. Yenyewe inapolala haili chochote cha maana, na hilo ndilo linalofanya mambo yawezekane, kwa sababu saketi ya kawaida ingekula mavuno yote kabla hayajajaza hata nusu kapasita.

Piezo tunaijua sote, ni vile tu hatujui kama tunaijua. Kile kiberiti cha jiko la gesi, cha kubonyeza, kinachotoa mlio wa "tak" na cheche bila betri wala jiwe, ndani yake kuna kinyundo kinachogonga kipande cha piezo. Ukikandamiza au kukunja maada ya namna hiyo, chaji zake zinasogea, upande mmoja unakuwa chanya na wa pili hasi. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliligundua jambo hilo Paris mwaka 1880. Kipande changu kinashikwa upande mmoja kama ubao wa kurukia majini. Mashine ikitetema kinapindapinda, na kila kikipinda kinatoa umeme kidogo.

Sasa kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo imelipitia juu juu, na ambalo ndilo linaamua kama utafurahi au utajuta. Kipande hiki ni kama bembea. Ukiisukuma bembea kwa wakati wake, mtoto anapanda juu kwa kidole kimoja. Ukikosea wakati, utasukuma mpaka uchoke na itasogea kidogo tu. Kipande nacho kina mpigo wake wa asili, unaotegemea urefu wake na uzito wa ncha. Mpigo wa mashine usipooana na wake, hupati kitu.

Changu kilitoka kiwandani kimeoanishwa na hezi 60, yaani mipigo 60 kwa sekunde. Waliokitengeneza waliwaza Marekani, ambako umeme wa gridi ni hezi 60 na mitetemo mingi ya vyombo inafuata namba hiyo au mara mbili yake. Shad Roundy na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipopima mitetemo ya vitu vya kawaida katika utafiti wao wa 2003, blenda ya jikoni ilitetema kwa hezi 121, mashine ya kukaushia nguo hezi 121. Sisi umeme wetu ni hezi 50. Na kwenye mashine ya kusaga hata hiyo 50 haihusiki moja kwa moja, kinachotawala ni mzunguko wa rota, ile sehemu ya ndani ya mashine inayozunguka na vinyundo vya kupondea mahindi. Mota yetu inazunguka mara 1,450 kwa dakika, puli yake ni kubwa mara mbili ya ile ya mashine, kwa hiyo rota inakwenda karibu 2,900. Gawanya kwa 60, unapata mipigo 48 na kidogo kwa sekunde.

Kuthibitisha nililaza simu yangu juu ya nyumba ya beringi, nikafungua programu ya kupima mtetemo, nikaona mlima mmoja mrefu umesimama palepale kwenye 48. Nikaisimamisha simu, nikailaza kwa ubavu, nikapima kila upande. Mtetemo wa ubavuni ulikuwa mkubwa kuliko wa juu na chini, kwa sababu fremu yetu imesimama kwa miguu myembamba na inayumba kwa pembeni. Basi kipande nikakifunga kisimame kwa upande wake, kipige kulia na kushoto. Usiruke hatua hii. Mtu akikifunga kama picha inavyoonyesha, kimelala, kwenye mashine kama yetu atakosa sehemu kubwa ya mavuno.

Kukishusha kutoka 60 hadi 48 ni suala la kuongeza uzito. Mpigo unashuka kwa kipeuo cha pili cha uzito, kwa hiyo nilihitaji ncha iwe nzito mara moja na nusu na kidogo. Kizito chao kilikuwa na gramu 6.4. Nilikipeleka kwa sonara mmoja mwenye mizani ya kupimia dhahabu, tukajaribu nati na washa mpaka nati moja ya spana namba 10 na washa yake vikatufikisha karibu gramu 10. Nikabandika kwa gundi, nikasubiri usiku mzima ikauke.

Asubuhi tukawasha mashine ikiwa tupu. Mita ikasoma volti 14.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hizo volti 14 zimewapotosha wengi. Nilipiga picha nikairusha kwenye kundi letu la mafundi, na mmoja wetu, fundi mzuri tu, akaandika kwamba basi tufunge vipande viwili tuchaji betri ya bodaboda. Volti bila mkondo si nguvu. Piezo inapanda volti kirahisi kwa sababu haijatoa kitu, lakini ukiitwika mzigo zinaporomoka. Niliunga LED nyekundu moja, na ili kuiona inawaka ilibidi niifunike kwa kiganja. Betri ya pikipiki ya volti 12, Ah 7, kwa mikrowati 65 ingejaa baada ya miaka 147. Niliwaandikia hesabu yote kundini, hatua kwa hatua, na nashukuru hakuna aliyenunua kwa tamaa ya picha yangu.

Matumizi yake yanayoingia akilini ni haya. Kapasita ni ya mikrofaradi 470. Chipu inakaa kimya ikilimbikiza mpaka volti zifike 5 hivi, inafungua mlango, kipima joto kinaamka, kinasoma joto la beringi, kinatuma ujumbe mfupi kwa Bluetooth kwenye simu ya zamani niliyoitundika ofisini karibu na mizani. Volti zikishuka karibu na 3.7 mlango unafungwa, kulimbikiza kunaanza upya. Siku ile ya kwanza, mashine ikiwa tupu, ujumbe ulikuja kila baada ya sekunde 43. Nilikaa pale nikiuhesabu kwa saa yangu ya mkononi, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nakiri nilifurahi kupita kiasi.

Kisha tukamimina mahindi. Ujumbe ukachelewa. Dakika ikapita, ya pili ikapita. Ulikuja karibu dakika ya 3.

Nilidhani waya umekatika, nikafungua kiboksi, kila kitu kiko sawa. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Mota ikipata mzigo inapunguza mwendo kidogo, na mkanda nao unateleza kidogo. Sisi tunaosimama pale hatulioni, lakini rota ilikuwa imetoka 48 ikashuka hadi 47, na kipande changu ni kichaguzi mno: mpigo ukitoka nje kwa hezi moja tu, mavuno yanabaki robo. Nililegeza gundi kwa wembe, nikausogeza uzito nje kwa nusu milimita na kidogo. Nafanya kazi hiyo kwa ukucha wa kidole gumba, tochi mdomoni, huku kijana anaendelea kulisha mahindi ili mashine ikae kwenye mwendo wake wa kazi. Unasogeza unywele mmoja, unasubiri, unasikiliza simu. Mara ya nne ikarudi kwenye sekunde 43, safari hii mashine ikiwa imejaa. Tangu hapo nikamwambia kila fundi: kioanishe mashine ikiwa inasaga, usikioanishe ikiwa tupu.

Jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo sasa naliona ndilo la thamani kuliko yote, lilitokea wiki ya 9.

Nguvu inayovunwa haipandi sawa kwa sawa na mtetemo, inapanda kwa mraba wake. Mtetemo ukizidi mara moja na nusu, mavuno yanazidi mara mbili na zaidi, na ujumbe unakuja mara mbili na zaidi kwa kasi. Kwa hiyo muda kati ya ujumbe na ujumbe wenyewe ni kipimo cha mtetemo, hata kama hujanunua kipima mtetemo. Jumatano moja dada wa mapokezi alinipigia: "Fundi, hii simu yako leo inalia lia sana." Nikamwomba ahesabu. Sekunde 19. Joto la beringi lilikuwa la kawaida, nyuzi 52. Nikamwambia azime mashine, naye akazima bila kuuliza mara mbili, Mungu ambariki.

Tulifungua kifuniko. Vinyundo vyote vilikuwa pale, lakini kimoja kilikuwa kimemeguka pembe, kipande cha ukubwa wa kucha. Chekeche lilikuwa na alama mpya ya kugongwa. Rota iliyopoteza uzito upande mmoja inayumba mara moja kila ikizunguka, yaani kwa hezi zilezile 47 ambazo kipande changu kimesubiri kuzisikia. Tulibadilisha kinyundo pamoja na cha upande wa pili ili zilingane, kazi ya saa moja na nusu, tukawasha, simu ikarudi kwenye 40 na kitu. Sikio langu halikusikia tofauti kabla ya hapo. Dada aliyekaa pale siku nzima hakusikia. Vumbi na kelele za mashine ya kusaga zinaficha mengi.

Nisiwadanganye hapa, maana kuna wauzaji wanaochanganya. Kivuna hiki kinasikia kuyumba kwa rota. Beringi inayoanza kuharibika inalia kwa mipigo ya juu zaidi, na kipande kilichooanishwa kwenye 47 hakiisikii mpaka mambo yameshakuwa mabaya. Beringi naijua kwa kipima joto. Kwa kawaida inakaa kati ya nyuzi 48 na 55 baada ya saa 2 za kazi. Siku moja ilifika 68, tukasimamisha, tukapiga grisi kidogo, na ikashuka. Kidogo nasema kwa makusudi, grisi ikizidi nayo inaipasha beringi moto. Hiyo grisi peke yake imelipa gharama za kifaa mara kadhaa, ukilinganisha na zile siku 5 za mwaka jana.

Jambo la usalama, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu tunasaga chakula cha watu. Piezo ya aina hii imetengenezwa kwa risasi, zirkonia na titani. Risasi ile ile yenye sumu. Ikiwa nzima imefunikwa vizuri haina shida, lakini ni dhaifu kama kigae, na ikivunjika inatoa chembe. Haitakiwi kabisa kukaa mahali ambapo kipande kinaweza kudondoka kwenye mahindi au kwenye unga. Mimi nimeiweka ndani ya kiboksi cha plastiki cha inchi 3 kwa 3, vile tunavyotumia kuungia nyaya ukutani, nikaziba matundu yote kwa silikoni, na kiboksi kiko upande wa puli, mbali na mdomo wa kulishia na mbali na mfuko wa unga. Muuzaji hakuandika neno hata moja juu ya hili. Nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote aliyofanya.

Makosa yake mengine ni haya. Waya mmoja ulifika umechomoka kwenye bodi, nikauchomea mwenyewe. Karatasi ya maelekezo ni ya kurasa 2 na imeandikwa kana kwamba kila mnunuzi ana maabara. Nilimwandikia kuuliza kipande kinavumilia kupinda kiasi gani kabla hakijavunjika, akanijibu kwa kunitumia picha ya bidhaa. Jibu nililipata kijijini, kwa hasara.

Kijijini ile mashine ni ya dizeli, injini ya silinda moja, mizunguko 2,200 kwa dakika. Nilitaka kujaribu kipande cha pili kule kwa sababu ndiko nisikofika mara kwa mara, mvua ikinyesha ni siku nzima kwenda na kurudi. Nikaongeza uzito mpaka kikaoana na hezi 36 na nusu. Lakini injini ya silinda moja haina mtetemo wa kuchezea, inapiga kama mtu anayetwanga. Tena mwendo wake unapanda na kushuka kadiri gavana, kile kidhibiti mwendo cha injini, inavyoshughulika, kwa hiyo ujumbe mara ulikuja kila sekunde 20, mara baada ya dakika 4. Siku ya 3 haukuja tena. Nilipofungua nilikuta kipande kimekatika palepale kwenye kishikizo, safi kama biskuti. Kilikuwa kinapiga kwa upana kuliko kinavyoweza. Ningekuwa nimeweka vizuizi vya mpira pande zote mbili kingepona. Kwenye kile cha mjini nimeshaweka, vipande viwili vya tyubu ya baiskeli nilivyovibandika ndani ya kiboksi, nafasi ya milimita 2 kila upande. Kwa injini ya silinda moja, ushauri wangu ni kuachana nacho.

Kuna swali ambalo msomaji makini ameshaliuliza, na nililiuliza mwenyewe kabla sijatoa hela: kwa nini usiweke betri ya kidonge? Ni swali la haki. CR2032 moja, ile ya saa na rimoti, ina nguvu ya kulisha saketi hii hii kwa zaidi ya mwaka, na inauzwa kwa bei ya soda mbili. Mwenye mashine moja inayofikika, ambaye hatasahau kubadilisha, achukue betri. Simshauri anunue kivuna. Paneli ndogo ya jua ya wati moja nayo inazalisha mara maelfu ya hiki, ila ndani ya banda la kusagia, penye giza na unga unaotua juu ya kila kitu kila dakika, ingehitaji kufutwa asubuhi na jioni.

Mimi nimebaki na kivuna kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo niliyoieleza, kwamba kasi ya ujumbe inanipa habari ya rota bure, na saketi ya betri hutuma kwa ratiba yake, mashine iwe nzima au inakufa. Ya pili ni kiboksi kilichozibwa. Nimekiziba kwa silikoni mara moja na sihitaji kukifungua, kwa hiyo unga hauingii na ile risasi haitoki.

Wakubwa wanafanya hivyo hivyo kwa kiwango chao. Perpetuum, kampuni iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Southampton huko Uingereza mwaka 2004, ilifunga vivuna mtetemo kwenye beringi za magurudumu ya treni ili zitume habari zake zenyewe bila nyaya wala betri. Wao wanatumia sumaku na koili badala ya piezo, na mwaka 2021 walinunuliwa na Hitachi Rail. Reli ya TAZARA inapita hapa kwetu, na siku hizi behewa za mizigo zikipita usiku nazisikia tofauti. Kila gurudumu lile lina beringi, na kila beringi inatetema.

Kwa hiyo nani anunue? Fundi mwenye mashine ya umeme inayozunguka kwa mwendo mmoja: ya kusaga, feni kubwa, pampu ya maji, kompresa ya mkanda. Awe na uvumilivu wa siku 2 au 3 za kuoanisha, awe na mahali pa kupimia gramu, na awe ameelewa kwamba ananunua mlinzi na si jenereta. Bei ya 118,000 ni kubwa. Ingekuwa 70,000, na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa mtu wa karakana, ningekisifu bila kusita. Kwa sasa nakipa nyota 4 kwa kazi yake na 2 kwa muuzaji.

Mama mwenye mashine haulizi tena kuhusu kuchaji simu. Amejifunza namba. Akifika asubuhi anaangalia ile simu ya ofisini kabla hajaketi, na mashine ikishapata moto ananitumia ujumbe. Leo wameanza kusaga saa 1 na nusu, na ulipofika saa 4 nilikuwa juu ya nguzo nyumba ya pili. Ulisema: "42, nyuzi 51."